Uzi: Skripti ya bachi inagoma kwa "The input line is too long", na folda yenye alama ya & haifunguki

KaraniMkomani

Assalamu alaykum, wanajukwaa. Ninafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Lamu mjini, upande wa Mkomani, ambako tunaskani hati za nyumba, barua na picha za zamani ambazo familia hutuletea kabla karatasi hazijaliwa na mchwa au kuharibiwa na unyevu. Kila jioni skripti ya bachi (faili la amri za Windows zinazotekelezwa mfululizo) tuliyorithi kutoka kwa fundi wa awali hukusanya picha za siku hiyo, huzifunga katika faili moja la 7-Zip, programu ya kubana faili, kisha hunakili folda zote kwenye diski ya nje. Siku za kazi chache skripti hufanya kazi vizuri. Siku za kazi nyingi husimama na kuandika "The input line is too long".

Sehemu inayohusika ni hii:

```
setlocal enabledelayedexpansion
set ORODHA=
for %%f in (*.jpg) do set ORODHA=!ORODHA! "%%~ff"
"C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" a E:\Nakala\leo.7z %ORODHA%
```

Kuna na tatizo la pili ambalo sijui kama ni ndugu wa la kwanza. Tulipofungua folda mpya iitwayo Wakfu & Mirathi, skripti ilianza kulalamika kwamba haioni njia, kisha ikadai kuwa 'Mirathi""' si amri inayotambulika. Mistari yake ni hii:

```
set FOLDA="D:\Wakfu & Mirathi"
cd /d "%FOLDA%"
```

Swali langu ni mahali gani katika Windows panapobadilishwa kikomo cha urefu wa mstari, na kama alama ya & imekatazwa kabisa katika majina ya folda.

FundiShela

Waalaykumu salaam, dada. Nianze na jibu lisilopendeza: hakuna mahali pa kubadilisha kikomo hicho. Programu ya cmd.exe, ambayo ndiyo inayosoma faili la bachi, hukubali mstari wa herufi 8191 tangu Windows XP, na kabla ya hapo, katika Windows 2000 na NT 4.0, kikomo kilikuwa 2047. Kikomo kimeandikwa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo hata ukiongeza kumbukumbu ya kompyuta au ukabadilisha mipangilio ya dirisha, hakisogei.

Jambo ambalo watu wengi hulipita ni kwamba urefu huo hupimwa baada ya vigeu (majina yanayobeba thamani) kufunguliwa. Mstari wako wa mwisho unaonekana mfupi katika Notepad kwa sababu umeandikwa %ORODHA%, lakini cmd huweka mahali pake majina yote yaliyokusanywa. Chukua jina la kawaida la ofisi kama yenu:

```
"D:\Hati\Mkomani\2024\Hati ya nyumba ya ukoo, ukurasa 03.jpg"
```

Njia hiyo ina herufi 59. Ukiongeza alama mbili za nukuu na nafasi moja ya kutenganisha, kila picha inakula herufi 62, na 8191 ukigawanya kwa 62 unapata 132. Kwa hiyo skripti yenu haina ugonjwa wa kubahatisha: siku mkiskani kurasa chini ya 130 hivi itapita, na siku mkizidi itakwama. Majina yakirefuka, idadi hiyo inashuka.

Nimeona watu wakijaribu kukwepa kwa kukata mstari mrefu vipande kwa alama ya ^ mwishoni. Haisaidii, kwa maana cmd huviunganisha vipande hivyo kuwa mstari mmoja kabla ya kuutekeleza, na tena nafasi moja tu ikijificha baada ya ^ mnyororo wote hukatika.

Dawa ya kesi yako ni kuacha kukusanya majina. Katika Linux gamba la amri ndilo linalofungua kinyota (alama ya *) na kumpa programu majina yote, lakini cmd haifanyi hivyo. Inampelekea programu kinyota chenyewe, na 7-Zip inajua kukifungua. Kwa hiyo unaweza kuandika:

```
pushd "D:\Hati\Mkomani\2024"
"C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" a "E:\Nakala\leo.7z" *.jpg
popd
```

Hata folda ikiwa na picha elfu kumi, mstari huo haurefuki hata kwa herufi moja.

Kuhusu &, haikatazwi. Windows inairuhusu katika majina ya faili na folda, ila cmd inaitumia kutenganisha amri mbili katika mstari mmoja, isipokuwa ikiwa ndani ya alama za nukuu. Sasa tazama kilichotokea kwako. Umeziweka alama za nukuu ndani ya kigeu, kisha ukaziongeza tena ulipokitumia. Baada ya kufunguliwa, mstari unasomeka hivi:

```
cd /d ""D:\Wakfu & Mirathi""
```

Cmd husoma kutoka kushoto, na kila inapokutana na alama ya nukuu hubadili hali: ya kwanza inafungua, ya pili inafunga. Hizo mbili za mwanzo zimefungua na kufunga papo hapo bila kuzingira kitu, kwa hiyo D:\Wakfu imebaki nje, na & nayo iko nje. Mstari umekatwa hapo. Kipande cha kwanza kimekwenda kutafuta folda isiyokuwapo, na cha pili, yaani Mirathi"", kimechukuliwa kuwa jina la programu. Ndiyo maana uliona malalamiko mawili na si moja.

Andika hivi:

```
set "FOLDA=D:\Wakfu & Mirathi"
cd /d "%FOLDA%"
```

Alama ya kwanza inakaa kabla ya jina la kigeu na ya mwisho inafunga mstari, kwa hiyo zinalinda & wakati wa kuweka thamani lakini haziingii ndani ya kigeu. Faida nyingine ni kwamba nafasi iliyojificha mwishoni mwa mstari nayo haiingii.

KijanaWaPate

Mimi ningependekeza njia rahisi zaidi. Tumia subst kuipa folda ndefu herufi yake ya diski, kwa mfano `subst H: "D:\Hati\Mkomani\2024"`, na kila jina litafupika. Au hamia PowerShell, gamba jipya zaidi la amri la Windows; mambo ya cmd ni ya kale.

MzeeKibodi

Kijana wangu, subst ni chombo kizuri kwa tatizo jingine. Katika mfano wa Fundi ingeondoa herufi 18 kwa kila picha, kwa hiyo badala ya kukwama kwenye picha ya 130 hivi, dada angekwama kwenye ya 180 na kitu. Amesogeza siku ya kukwama tu. Panapofaa subst ni pale njia ya faili moja inapokaribia herufi 260, ambacho ni kikomo cha kale cha njia katika Windows na hakihusiani na urefu wa mstari wa amri. Kuanzia Windows 10 toleo la 1607 kikomo hicho cha 260 kinaweza kuondolewa kwa kuwasha LongPathsEnabled katika rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), lakini ni kwa programu zilizotengenezwa kukubali njia ndefu pekee. Watu huchanganya vikomo hivi viwili, wakawasha kile cha rejista, kisha wakashangaa mstari bado unakataliwa.

Kuhusu PowerShell, sina ugomvi nayo, na kwa kazi mpya ningeanza nayo. Lakini unapoita programu ya nje kama 7-Zip kutoka ndani yake, Windows yenyewe haikubali mstari wa kuanzishia programu unaozidi herufi 32,767, ambao ni mkubwa kuliko wa cmd lakini nao una mwisho. Nukuu nazo hazikuachi salama: kabla ya toleo la 7.3, alama ya nukuu iliyo ndani ya neno unalompelekea programu ya nje ilipotea njiani usipoikinga kwa \. Dada ana skripti inayohitaji kurekebishwa mistari minne. Hana haja ya kuhama nyumba.

KaraniMkomani

Nawashukuru sana. La folda limekwisha mara moja. Kwa la picha, Bwana Fundi, kinyota hakitatutosha, kwa sababu si kila picha iliyomo katika folda inafungwa siku hiyo. Mkubwa wetu hupitia kwanza na kukubali baadhi, na hizo zilizokubaliwa hutoka katika folda tofauti za Mkomani, Langoni na kwingineko. Nifanyeje bila kuzipanga zote katika mstari mmoja?

FundiShela

Hapo tumia faili la orodha. Programu nyingi zinazofanyia kazi faili nyingi hukubali kupewa jina la faili la maandishi lenye majina ndani yake, na katika 7-Zip hilo huonyeshwa kwa alama ya @. Mkubwa wenu aandike au aweke majina aliyoyakubali katika zilizokubaliwa.txt, jina moja kwa kila mstari, kisha:

```
pushd "D:\Hati"
"C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" a "E:\Nakala\leo.7z" @zilizokubaliwa.txt
popd
```

Yaliyomo ndani ya faili hilo hayapiti katika cmd hata kidogo. Hayahesabiwi katika ile 8191, na alama za &, %, ^ na mabano zilizomo katika majina haziwezi kukata mstari, kwa kuwa aliyezisoma ni 7-Zip. Ndiyo maana nasema matatizo yako mawili ni ndugu wa tumbo moja: yote yametokana na kulazimisha majina ya faili yapite katika mstari ambao cmd inausoma kama amri. Yakipita pembeni, yote mawili hutoweka kwa pamoja.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, andikeni njia fupi zinazoanzia ndani ya D:\Hati, kama vile `Langoni\2024\ukurasa 03.jpg`, wala si njia kamili zinazoanza na D:\. Ukimpa 7-Zip njia kamili, kwa kawaida huhifadhi jina la faili bila folda zake, na ofisi ya kuskani haikosi ukurasa 03.jpg katika kila folda. Itakataa kwa kudai kwamba majina yanajirudia.

La pili ni usimbaji wa herufi. 7-Zip hutarajia faili la orodha liwe la UTF-8. Mkiliandika kwa Notepad, lihifadhini kwa UTF-8 na mambo yatakwenda. Lakini mkilizalisha kwa amri ya dir na alama ya >, cmd huandika kwa kodipeji (jedwali la herufi) ya dirisha, ambayo kwa kompyuta nyingi zetu ni 437 au 850. Majina ya Kiswahili ya kawaida hayadhuriki. Yanayodhurika ni yale yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo bila shaka mnayo, na hata "ng’ambo" iliyoandikwa kwa simu, kwa sababu simu huweka kile kistari kilichopinda badala ya kilichonyooka. Kwa 437 hakipo kabisa. Tangulizeni `chcp 65001`, amri inayobadilisha kodipeji kuwa UTF-8, kabla ya dir.

Ondoa pia ile enabledelayedexpansion, inayowezesha vigeu vya alama ya mshangao kama !ORODHA!; haina kazi tena, na ikiachwa ina madhara yake: picha iitwayo "Maulidi!.jpg" ikipita katika for huku imewashwa, alama ya mshangao hupotea na faili halipatikani.

MlindaSeva_Malindi

Naomba niingie na langu kwa kuwa linafanana. Tuko Malindi, tuna programu ya Java ya kusimamia vyumba vya wageni, na skripti inayoianzisha inataja maktaba zote za jar moja moja. Tangu tuongeze moduli mpya, ile sehemu inayoanzisha kazi ndogondogo kutoka ndani ya Java hufa na kuandika "CreateProcess error=206, The filename or extension is too long". Nimehakikisha hakuna faili lenye jina refu. Njia ndefu kuliko zote haifiki herufi 120.

MzeeKibodi

Ujumbe huo umepoteza wengi, bwana. 206 ni hitilafu ya jumla ya kitu kilichozidi urefu, na Windows huirudisha pia pale mstari mzima wa kuanzishia programu unapozidi zile 32,767. Wewe hujaona ujumbe wa cmd kwa sababu Java ilianzisha kazi yenyewe bila kupitia cmd, kwa hiyo umegonga ukuta wa pili bila kuuona wa kwanza. Acha kutafuta faili lenye jina refu.

Kama jar zote ziko katika folda moja, andika `-cp "lib\*"` na Java itazifungua yenyewe. Kama zimetawanyika na unatumia Java 9 au mpya zaidi, weka vigezo katika faili la maandishi na uite `java @vigezo.txt`. Ndani ya faili hilo, njia yenye nafasi izungushiwe alama za nukuu na uandike mikwaju ya mbele, / badala ya \, kwa maana ndani ya nukuu mkwaju wa nyuma huchukuliwa kuwa alama ya kukinga herufi inayofuata.

KaraniMkomani

Faili la orodha limefanya kazi, alhamdulillahi, na siku ya picha nyingi imepita bila kukwama. Sasa limebaki la kunakili. Skripti yenyewe iko katika mzizi wa folda tunazonakili, na mstari ni huu:

```
robocopy "%~dp0" "E:\Nakala\Hati" /e
```

Robocopy, programu ya Windows ya kunakili folda, inasema njia si sahihi, na katika maelezo yake inaonyesha chanzo kimoja kirefu kilichoshikana na "E:\Nakala\Hati". Nukuu zangu nimezihesabu na zote zimefungwa.

MzeeKibodi

Kwa cmd zimefungwa, mwanangu. Kwa robocopy hazijafungwa. Hili linafaa kuelezwa polepole, kwa sababu ndilo linalowatoa jasho hata wazoefu.

Mstari wa amri katika Windows husomwa mara mbili. Kwanza cmd huusoma kwa kanuni zake ili kujua ni amri gani, kisha huupeleka mzima kama maandishi kwa programu, na programu huukata vipande yenyewe kwa kanuni zake. Cmd haijali mkwaju wa nyuma kabla ya alama ya nukuu. Programu nyingi, robocopy ikiwamo, zinajali: kwao \" maana yake ni alama ya nukuu iliyo sehemu ya neno, wala si mwisho wa neno. Na %~dp0, yaani folda ilimo skripti yenyewe, daima huishia na mkwaju wa nyuma. Kwa hiyo mstari wako ukifunguliwa ni huu:

```
robocopy "D:\Hati\" "E:\Nakala\Hati" /e
```

Robocopy inafika kwenye \" na kuendelea mbele ikidhani bado iko ndani ya neno la kwanza. Ongeza nukta:

```
robocopy "%~dp0." "E:\Nakala\Hati" /e
if errorlevel 8 echo Kunakili kumeshindikana
```

Nukta humaanisha folda hiyohiyo, na inautenga mkwaju na nukuu. Mstari wa pili nimeuongeza kwa makusudi, maana robocopy hurudisha 1 inaponakili faili vizuri, na skripti nyingi hulichukulia jibu lolote lisilo sifuri kuwa kushindwa. Kushindwa kwa kweli huanzia 8.

KijanaWaPate

Mzee, nikuulize. Nilinakili mistari ya Fundi kutoka kwenye ujumbe alionitumia rafiki kwa simu, nikaibandika Notepad, na bado njia yenye nafasi inakatwa kwenye neno la kwanza, ingawa nukuu zipo.

FundiShela

Zikuze herufi uzitazame vizuri. Programu za simu na za kuandikia barua hubadilisha alama iliyonyooka kuwa zile zilizopinda, “ na ”, na kwa cmd hizo si alama za nukuu, ni herufi kama nyingine yoyote. Zibadilishe zote kwa mkono katika Notepad.

Na kwa yeyote anayesoma uzi huu na kutaka kujua mstari wake unafunguka vipi, aondoe @echo off kwa muda. Cmd itaonyesha kila mstari baada ya kufungua vigeu vya asilimia, na hapo nukuu mbili zilizofuatana au & iliyobaki nje huonekana kwa macho. Vigeu vilivyoandikwa kwa alama ya mshangao havitaonyeshwa thamani zake, hivyo ni lazima uvitazame kwa echo.

MzeeKibodi

Niongeze onyo kuhusu PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu), kwa sababu nimeona skripti inayoongeza `set PATH=%PATH%;C:\Program Files\7-Zip` ndani ya mabano ya if. PATH ya kompyuta nyingi ina "Program Files (x86)", na ile ) ya x86 hufunga mabano ya if kabla ya wakati wake, kisha unaambiwa kwamba kipande fulani "was unexpected at this time". Andika `set "PATH=%PATH%;C:\Program Files\7-Zip"` na nukuu zitayalinda mabano. Weka pia setlocal juu ya skripti, la sivyo kila ukiiendesha katika dirisha lilelile PATH inarefuka, hadi mstari wenyewe wa set unapogonga 8191.

Msitumie setx, amri inayohifadhi kigeu kwa kudumu, kuongeza PATH kwa njia hii. Setx hukata thamani kwenye herufi 1024 na kuihifadhi ikiwa imekatwa. Kurudisha kilichopotea ni kazi ya jioni nzima kama hukuwa na nakala.

KaraniMkomani

Robocopy imekubali kwa nukta, na tumeiweka skripti katika Task Scheduler ili iende yenyewe saa kumi na mbili jioni. Nikiibofya kwa mkono inafanya kazi. Task Scheduler ikiianzisha, inagoma mara moja na kuonyesha 0x8007010B. Tumeandika njia ya skripti kwa nukuu, na folda ya kuanzia nayo kwa nukuu, kwa kuwa ina nafasi ndani yake.

FundiShela

Hapo, dada, nukuu zimezidi mahali pamoja. Kisanduku cha Program/script kinazikubali. Kisanduku cha Start in hakizitaki hata kama njia ina nafasi, kwa sababu hakichukui zaidi ya njia moja, na alama hizo huhesabiwa kuwa sehemu ya jina la folda. 10B inamaanisha jina la folda si halali. Zifute katika kisanduku hicho peke yake, uhifadhi, kisha bofya Run na utazame safu ya Last Run Result. Ikionyesha 0x1 baada ya hapo usishtuke, kwani huenda ni ile 1 ya robocopy aliyoieleza Mzee. Kama hutaki kuiona, mwisho wa skripti weka `if errorlevel 8 exit /b 8` na chini yake `exit /b 0`.